Gemu Gani Umpe Mhakiki?

Miaka michache iliyopita, mzee aliyenifundisha kusoma riwaya kwa jicho kali alinipigia simu akaniomba kitu ambacho sikutegemea kukisikia kinywani mwake. Amekuwa akihakiki riwaya na tamthilia tangu kabla sijazaliwa. Alisema amechoka kusikia watu wakidai kuwa gemu za siku hizi zina hadithi za kushindana na vitabu, naye hana la kujibu kwa sababu hajawahi kuigusa hata moja.

"Nichagulie moja," akasema. "Nitaicheza mpaka mwisho, kisha nitaiandikia kama ninavyoandikia kitabu."

Furaha niliyokuwa nayo usiku ule ilininyima usingizi. Na kwa furaha hiyo hiyo nikaharibu kazi, maana nilimpelekea gemu ninayoipenda kuliko zote: dunia pana, farasi, vita, saa sitini na ushei za kucheza. Jina lake silitaji, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Siku nne baadaye simu ikaita.

"Mwanangu, nimemaliza saa mbili nikigonga ukuta. Kila nikitaka kumtazama mtu usoni, najikuta natazama mawingu. Hiyo hadithi iko wapi?"

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila aliyekulia kwenye gemu hulisahau. Kidhibiti, kile kifaa cha kuchezea unachokishika kwa mikono miwili, kina vijiti viwili. Gumba la kushoto huendesha miguu, la kulia huendesha macho, na vyote viwili lazima viende pamoja. Mimi nilijifunza hayo utotoni, siku hizi vidole vyangu vinajua bila kuniuliza. Yeye alikuwa kama mtu aliyepewa riwaya nzuri katika hati asiyoijua, kisha akaulizwa maoni yake kuhusu mtindo wa mwandishi. Hakufika kwenye mtindo. Alikwama kwenye herufi.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza sana juu ya swali hili, na nimelijibu mara nyingi kwa watu wengine: mtu anayejua kuhakiki, ambaye hajawahi kucheza, umpe gemu gani? Wengi wetu tukiulizwa tunataja tuzipendazo. Wengine, wakitaka kumvutia mhakiki wa filamu, wanataja zile zinazofanana zaidi na filamu. Naamini njia zote mbili zinampoteza.

Kisa cha Roger Ebert kinanisaidia kulieleza hili. Mmarekani huyu alikuwa mmoja wa wahakiki wa filamu waliosomwa zaidi duniani. Aprili 2010 aliandika kwamba gemu haziwezi kamwe kuwa sanaa. Alikuwa anamjibu Kellee Santiago, mtengenezaji wa gemu aliyekuwa ametoa mhadhara kutetea upande wa pili, na moja ya mifano aliyoijadili ilikuwa Braid, gemu ambayo mchezaji anaweza kurudisha muda nyuma na kufuta kosa lake. Ebert alisema jambo hilo katika sataranji huitwa kurudisha hatua, na ukishairuhusu umeua nidhamu yote ya mchezo. Wachezaji walimjia juu kwa maelfu. Julai mwaka huohuo akaandika tena, akakiri kuwa hakupaswa kutoa hukumu juu ya vitu asivyovicheza, ingawa msimamo wenyewe hakuuacha. Alifariki 2013.

Wachezaji wengi wanakitumia kisa hiki kumsuta marehemu. Mimi nakisoma tofauti. Hoja yake kuhusu kurudisha hatua ni hoja ya mhakiki wa kweli: aliona kwamba kitendo cha mchezaji kina uzito, na kwamba ukikipunguzia gharama unaigusa maana. Kilichomkosesha ni kwamba aliitazama gemu ikichezwa na mtu mwingine. Aliona picha, akasikia sauti, mikono yake ikiwa magotini.

Sisi tuliosoma fasihi ya Kiswahili darasani tulilelewa na jozi moja: fani na maudhui. Maudhui ni kile kinachosemwa. Fani ni ufundi wa kukisema, yaani msuko, wahusika, mandhari, lugha. Jozi hiyo naipenda na bado naitumia. Ila kwenye gemu fani inaongezeka kiungo kimoja ambacho riwaya haina: mkono wa anayesikiliza. Mtambaji anasema "Paukwa!" na hasongi mpaka aitikiwe "Pakawa!" Katika gemu nzuri ya hadithi, huitikii mwanzoni tu. Unaitikia kila sentensi, na namna unavyoitikia inakuwa sehemu ya kisa. Kwa hiyo gemu ya kumpa mhakiki ni ile ambayo ukiondoa mkono wake, hadithi inaporomoka. Nayo iwe fupi, na isimdai ustadi wa vidole asiokuwa nao.

Ndiyo maana mara ya pili nilimpelekea mzee wangu What Remains of Edith Finch.

Imetengenezwa na Giant Sparrow, ikatoka 2017, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya BAFTA ya Uingereza ya gemu bora. Inachezwa kwa muda wa saa mbili hivi, kama filamu. Msichana Edith anarudi kwenye nyumba ya ukoo wao, nyumba ya ajabu iliyoongezwa vyumba juu ya vyumba, ambamo kila aliyefariki chumba chake kilifungwa kikaachwa kama kilivyokuwa. Unaingia kimoja kimoja, na kila kimoja kinakusimulia kifo cha mwenyewe kwa mtindo wake. Mtoto Molly anageuka paka, kisha bundi, kisha papa. Barbara anasimuliwa kwa kurasa za katuni za kutisha. Kwa mtu aliyezoea kuchambua mbinu za usimulizi, ni karamu: msimulizi hadi msimulizi, na hakuna hata mmoja unayeweza kumwamini kikamilifu.

Lakini sikumpelekea kwa ajili ya mbinu hizo. Nilimpelekea kwa ajili ya Lewis.

Lewis ni kaka wa Edith, na anafanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika samaki. Kisa chake kinasomwa kutoka kwenye barua ya daktari wake wa akili. Kwa mkono wa kulia unamshika samaki, unamvuta chini ya kisu, kichwa kinakatwa, unamrusha kwenye mkanda. Mwingine. Mwingine tena. Kisha, barua ikiendelea kueleza jinsi Lewis alivyoanza kuota ndoto za mchana, kona ya skrini inatokea njia ndogo ndani ya pango, na kijitu kinachotembea humo. Huyo unamwendesha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukomi: samaki, kisu, mkanda. Ndoto inakua. Pango linakuwa mji, mji unakuwa himaya, muziki unapanda, watu wanakushangilia, na picha ya ndoto inatanuka mpaka inafunika kiwanda chote. Na wakati huo wote mkono wako wa kulia unaendelea kukata samaki usiowaona tena.

Mara ya kwanza nilipocheza sehemu hiyo nilishtuka nilipogundua kwamba nilikuwa nimesahau samaki kabisa, na mkono haukuwa umekosea hata mmoja. Mwandishi wa riwaya angeweza kuniambia kwamba Lewis alifanya kazi bila akili yake kuwepo pale. Ningemwelewa, na pengine ningemhurumia. Hapa sikuambiwa. Hali ya Lewis ilikuwa imeshaingia kwenye kiganja changu kabla sijaitambua. Hata vijiti viwili vilivyomtesa mzee wangu kwenye ile gemu ya kwanza, hapa ndivyo vimegeuzwa kuwa kisa chenyewe: mkono mmoja duniani, mwingine ndotoni. Jinsi kinavyokwisha sitasema. Anayempa mtu gemu hii amwambie mapema kwamba ina vifo, vikiwemo vya watoto, maana si kila mtu yuko tayari kwa hilo kila wakati.

Mzee aliimaliza kwa jioni mbili. Alinitumia ujumbe wa maneno machache: amefika kwa Lewis, amesimama, atanipigia kesho.

Kesho yake tuliongea karibu saa nzima. Aliniuliza kama gemu zote ziko hivyo. Nilimwambia hapana, nyingi haziko hivyo, kama ambavyo riwaya nyingi haziko kama zile alizonifundisha. Akaniambia niendelee kumtafutia.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu baada ya Edith Finch njia zinagawanyika. Mwenye sikio la lugha nampeleka kwenye Disco Elysium bila kusita. Ilitoka 2019, na mwandishi wake mkuu ni Robert Kurvitz wa Estonia. Mpelelezi anaamka kwenye chumba cha hoteli baada ya ulevi wa kupindukia, hakumbuki jina lake wala dunia anayoishi, na nje kuna maiti inayoning'inia mtini. Hakuna mapigano ya vidole. Kila kitu ni mazungumzo na kete. Maajabu yake ni kwamba nafsi ya mpelelezi imegawanywa katika sauti ishirini na nne, na kila sauti ina tabia yake: moja inajua historia, moja inatamani ulevi, moja inasikia ubaridi wa jiji zima ukimpitia mgongoni. Zinabishana ndani ya kichwa chako huku mtu aliye mbele yako akisubiri jibu. Nimesoma riwaya nyingi zinazojaribu kuonyesha fikra za mtu zinavyogombana. Chache zimenifanya niwe refa wa ugomvi huo.

Na kushindwa kwake kuna utamu. Kete zikikukataa, kisa hakifungi mlango. Kinageukia upande mwingine, wa aibu zaidi na mara nyingi wa kibinadamu zaidi. Ukimtengeneza mpelelezi mwenye mwili dhaifu kupita kiasi, anaweza kufa dakika za mwanzo kabisa akijaribu kuchukua tai yake kwenye feni ya dari. Mhakiki asiyejua hilo atadhani kakosea. Hajakosea. Huyo ndiye mtu aliyemuumba, na gemu imemwambia ukweli kuhusu mtu huyo.

Tatizo ni urefu. Maneno yake yanapita milioni moja, na kuicheza kwa makini ni saa thelathini na zaidi. Mhakiki mwenye makala ya kuwasilisha Ijumaa usimpe. Wengine huniambia nimshauri acheze siku ya kwanza ya upelelezi halafu aandike. Nakataa. Hakuna anayehakiki riwaya kwa sura mbili, na tukitaka gemu ziheshimiwe tusianze kwa kuzikatia tiketi ya nusu safari.

Kwa anayependa taharuki na kufikiri kuna Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, ya 2018. Meli iliyopotea imerudi mwaka 1807 bila mtu aliye hai, nawe mkaguzi wa bima una saa ya mfukoni inayokuonyesha dakika ya mwisho ya kila marehemu. Watu sitini, kila mmoja utaje ni nani na alipatwa na nini. Gemu haikuthibitishii jibu mpaka upatie matatu kwa mpigo, kwa hiyo kubahatisha hakukufikishi mbali. Aliyeshiba somo la kisengerenyuma ataifurahia mno, maana karibu kisa chote kinakwenda kinyumenyume. To the Moon ya 2011 ni fupi na nyepesi kwa mikono; inahusu madaktari wawili wanaoingia kwenye kumbukumbu za mzee anayekaribia kufa aliyetamani kwenda mwezini. Inaliza. Uchezaji wenyewe ni mdogo mno na hilo silifichi, ila muziki wake umenikaa miaka yote hii.

Kentucky Route Zero inastahili zaidi ya sentensi moja, kwa sababu inajibu swali ambalo wahakiki hunirushia kila mara: kama mchezaji anachagua, mwandishi kabaki na kazi gani? Ilitoka kwa vitendo vitano, cha kwanza 2013 na cha mwisho 2020. Conway, dereva mzee wa duka la vitu vya kale, anatafuta barabara ya chini ya ardhi ili afikishe mzigo wake wa mwisho. Unapochagua jibu lake, safari haibadiliki. Kinachobadilika ni Conway mwenyewe: anakumbuka nini, anaona haya kwa lipi, mbwa wake anaitwa nani. Mwandishi ameshika njia, wewe umeshika moyo wa msafiri. Wanaodai kwamba uchaguzi usiobadilisha mwisho ni uchaguzi wa uongo, nawaomba waicheze hii taratibu, usiku, bila haraka ya kufika.

Nimeulizwa pia kwa nini siwapi watu The Last of Us ya 2013, ambayo karibu kila orodha inaiweka juu. Naipenda sana. Lakini mhakiki wa filamu akiishika ataiona filamu, ataipima kama filamu, na nusu ya vipimo vyake vitakuwa sahihi. Ilipofanywa tamthilia ya televisheni 2023, sehemu kubwa ya kisa ilihamia bila kuumia, na hilo lenyewe linaonyesha ni kiasi gani cha uzito wake kilikuwa nje ya mikono. Isipokuwa mwisho. Pale mwisho, kwenye televisheni unamtazama Joel, mhusika mkuu, akifanya alichofanya. Kwenye gemu, yeye ndiye aliyeamua, nawe ndiye unayebonyeza kitufe, na huna njia nyingine ya kuimaliza. Dakika hizo chache ningempa mhakiki yeyote. Ila kuzifikia ni saa nyingi za kujificha na kupiga risasi.

Halafu ipo moja inayonigusa kwa sababu ya lugha. Tales of Kenzera: ZAU ilitoka Aprili 2024 kutoka Surgent Studios, studio ya mwigizaji Abubakar Salim, aliyeiandika kutokana na msiba wa baba yake. Kijana Zuberi amefiwa na baba, na baba kamwachia kitabu. Ndani ya kitabu kuna mganga Zau anayepatana na Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba yake. Inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Nilipomsikia Zau akimwita "Baba" nikiwa nimeshika kidhibiti, nilisimamisha gemu nikakaa kidogo. Sikuwa nimejua kiu hiyo ilikuwepo.

Je, nimpe mhakiki? Nilivutana na nafsi kwa muda mrefu. Ni gemu ya kuruka majabali na kupigana, inahitaji vidole vyepesi, na sehemu kubwa ya huzuni yake inasemwa kwenye mazungumzo ya Zau na Kalunga kati ya pambano na pambano, huku mikono ikiwa na shughuli nyingine. Kwa kipimo nilichokiweka mwenyewe hapo juu, inapungua. Lakini nimemwona mzee wangu akiisikiliza nilipomchezea mimi, yeye akiwa kando yangu, akirekebisha tafsiri za sentensi mbili tatu kwa sauti ya chini kama anavyofanya akisoma kitabu. Wako watu ambao gemu ya kwanza kuwagusa lazima iwasemeshe kwa lugha yao. Kwa mtu wa aina hiyo, kaa naye, cheza wewe sehemu ngumu, mkabidhi kidhibiti panapotulia.

Gemu ya mwisho kumpa, kabla hajaandika tahakiki yake, ilikuwa Papers, Please. Nayo ni ya Lucas Pope, ya 2013. Wewe ni afisa wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Unakagua pasi, vibali, tarehe, mihuri. Kila unayemshughulikia sawasawa unalipwa. Makosa mawili ya kwanza ya siku ni onyo, kuanzia la tatu unakatwa. Jioni unagawa mshahara: kodi ya nyumba, chakula, joto la nyumba, dawa. Una mke, mtoto, mama mkwe na mjomba, na fedha haitoshi. Hakuna vijiti viwili hapa. Ni kusogeza karatasi mezani na kugonga muhuri wa kijani au mwekundu, kazi ambayo mzee wa miaka sabini anaifanya bila kufundishwa.

Siku ya tano anakuja mwanamume mwenye karatasi zilizokamilika. Unampitisha. Akiondoka anakuomba umfanyie wema mkewe anayemfuata kwenye foleni. Mke anafika, kibali hana. Anasema akirudishwa atauawa.

Mzee alinipigia usiku wa saa tano, na yeye si mtu wa kupiga simu usiku.

"Nimemrudisha," akasema.

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza polepole, kama anayejitetea mbele ya baraza: siku hiyo alikuwa ameshakosea mara mbili, mtoto alikuwa mgonjwa, fedha ya dawa ilikuwa imebaki kidogo tu, na kosa la tatu lingeila. Akasema aligonga muhuri mwekundu kabla hajamaliza kusoma maneno ya yule mwanamke, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na saa inakwenda. Jambo hilo la kutomaliza kusoma alilirudia mara mbili. Maisha yake yote, akasema, hajawahi kuacha kusoma sentensi katikati.

Kisha akauliza kama kuna namna ya kuirudia siku ile.

Ipo. Gemu inahifadhi kila siku, unaweza kuchagua yoyote na kuanzia hapo. Nilimweleza afungue wapi, abonyeze wapi.

Akanyamaza kwa muda. Nilisikia kiti chake kikisogea.

"Acha ibaki hivyo," akasema. "Nitaandika kuanzia hapa nilipo."